Mhadhiri Mpya, Anza na Fomu S: Mwongozo wa Kukitumia Chama Chako Katika Chuo Kikuu cha Umma Kenya

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilipokea barua ya mistari minne kutoka ofisi ya msajili. Alama za darasa moja zilikuwa zimechelewa, na mstari wa mwisho ulinitaka nieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Nilikwenda mbio hadi ofisi ya tawi la UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu, chumba kidogo nyuma ya maktaba. Katibu wa tawi akafungua daftari la wanachama, akapitisha kidole kwenye orodha ya kitivo chetu, akarudia tena kutoka juu. Jina langu halikuwamo.

Nilikuwa nimejaza Fomu S, ile ya kujiunga na kumruhusu mwajiri akukate ada ya chama, miezi minane kabla ya hapo. Niliiacha juu ya meza katika ofisi ya mishahara, bila nakala wala muhuri, na tangu siku hiyo sikuitazama stakabadhi yangu ya mshahara zaidi ya ule mstari wa chini unaoonyesha kilichobaki. Katibu alinisaidia kwa utu wake. Angeweza kunirudisha mlangoni, na angekuwa na haki.

Baadaye nami niliketi kwenye kiti kile cha katibu kwa muhula mmoja wa uongozi, na nikawaona wengi wakiingia kwa mbio kama zangu. Wengi wetu hukifahamu chama kupitia mgomo tu. Tunasikia ilani imetolewa, tunatoka nje na matawi ya miti, tunarudi darasani, basi. Kazi kubwa ya chama hufanyika siku ambazo hakuna anayeimba, na hufanyika kwa karatasi. Ndiyo maana nataka kukuonyesha karatasi hizo moja baada ya nyingine.

Kwanza, ujue kwamba hiki unachojiunga nacho hakikuja kwa hisani. Miaka ya 1970 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa na chama chao, na moja ya vita vyake ilikuwa kumrudisha kazini Ngũgĩ wa Thiong'o baada ya kutoka kizuizini mwaka wa 1978. Hakurudishwa. Serikali ya Moi ikakipiga marufuku chama mwaka wa 1980, na Willy Mutunga, aliyekuwa katibu mkuu wake, akatiwa kizuizini mwaka wa 1982. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka wa 2011. Wahadhiri walijaribu tena mwishoni mwa 1993: waligoma wakidai UASU isajiliwe, mgomo ukaingia mwaka wa 1994, viongozi wakafutwa kazi, na usajili ukakataliwa. Ulipatikana mwaka wa 2003, Moi alipokwisha kuondoka madarakani. Hivyo unapotia sahihi fomu ya ukurasa mmoja, kumbuka kuna watu walioipoteza ajira yao wakiitafuta.

Hatua ya kwanza: jua uko upande gani wa meza

UASU ni chama cha wanaofundisha na kufanya utafiti, kuanzia wahadhiri wasaidizi hadi maprofesa. Wenzetu wa utawala na ufundi wana KUSU, na wa jikoni, mabweni na usafi kwa kawaida wako KUDHEIHA. Kila chama kina mkataba wake, kwa hiyo usishangae ukisikia wenzako wa utawala wamelipwa kitu ambacho wewe hujakiona, au kinyume chake.

Wanaoketi upande wa mwajiri ni naibu wa chansela, manaibu wake, wasajili na wengine wenye mamlaka ya kuajiri na kufuta. Mkuu wa idara yako huenda ni mwanachama mwenzako, na hapo pana ugumu wake: leo anaandika barua ya kukulaumu, kesho mko naye mkutanoni. Usimchukie. Lakini usimfanye mshauri wako katika jambo ambalo yeye ndiye aliyelileta.

Hatua ya pili: Fomu S, na nakala yake

Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, kushiriki shughuli zake, na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ndiyo inayoeleza njia. Kifungu cha 48 kinasema kwamba ukishatia sahihi Fomu S na chama kikaiwasilisha kwa mwajiri, mwajiri anapaswa kuanza kukata ada ndani ya siku 30.

Utaratibu ni huu. Chukua fomu kwa katibu wa tawi, si kwa rafiki aliye na nakala ya zamani kwenye simu. Jaza majina kama yalivyo kwenye kitambulisho na kwenye barua ya ajira, kwa sababu tofauti ya jina moja tu inatosha kuirudisha fomu. Andika nambari ya mwajiriwa kwa uangalifu. Tia sahihi, weka tarehe, kisha toa nakala mbili. Fomu ipelekwe na chama, kwa barua ya chama, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ule muhuri ndio unaoanzisha hesabu ya siku 30. Bila muhuri, karani wa mishahara atakuambia hajaiona, na huenda anasema kweli.

Wapo wanaosema hawatajiunga kwa kuwa nyongeza ya mshahara huwafikia wote. Ni kweli huwafikia wote. Kifungu cha 49 kinaruhusu, kwa amri ya Waziri, asiye mwanachama lakini anayefaidika na mkataba akatwe ada ya uwakala. Kwa hiyo unaweza kujikuta unalipa huku huna kura, wala mtu wa kukaa nawe siku ya barua ya mistari minne.

Na ikiwa kuna anayekutisha kwamba kujiunga kutachelewesha kuthibitishwa kwako kazini, mwombe aliandike hilo. Sheria inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya uanachama, na Sheria ya Ajira inasema wazi kwamba uanachama si sababu halali ya kumfuta kazi.

Hatua ya tatu: soma stakabadhi ya mshahara kila mwezi, mstari kwa mstari

Hapa ndipo nawaomba wenzangu wapunguze haraka. Tunasahihisha karatasi 200 za mitihani tukiona kila nukta iliyokosewa, halafu stakabadhi yetu wenyewe tunaipitia kwa sekunde tano.

Anza juu: mshahara wa msingi, marupurupu ya nyumba, ya usafiri, na mengine uliyotajiwa kwenye barua ya ajira. Linganisha na jedwali la mkataba wa chama kwa daraja lako na hatua yako ndani ya daraja. Nimemwona mwenzetu aliyepandishwa cheo akakaa karibu mwaka mzima kwenye hatua ya zamani, kwa sababu barua ya kumpandisha ilifika idarani na haikufika kwenye mishahara.

Kisha teremka kwenye makato. Hapa pana kidonda ambacho wahadhiri wa vyuo vya umma wanakifahamu vizuri: pesa hukatwa lakini hazifiki zinakopelekwa. Stakabadhi inaonyesha umelipa mkopo wa SACCO, nayo SACCO inakupigia simu kwamba hujalipa. Akiba ya uzeeni inaonyeshwa imekatwa, na taarifa ya mfuko wa pensheni ina mashimo ya miezi. Kwa hiyo kila robo ya mwaka fanya hivi: omba taarifa ya SACCO, omba taarifa ya pensheni, ziweke kando ya stakabadhi zako tatu, na uandike mwezi usiolingana. Ukipata pengo, andikia ofisi ya fedha na nakala kwa katibu wa tawi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri apeleke kila alichokata, na kutopeleka ni kosa la jinai. Mtu mmoja akilalamika, hujibiwa kwamba mfumo una hitilafu. Katibu akifika na majedwali ya watu 60 yenye miezi ile ile, hapo mazungumzo huwa mengine.

Hatua ya nne: tafuta mkataba wa makubaliano ya pamoja, usome

Kila mtu anauita CBA, na wachache sana wameushika mkononi. Muombe katibu nakala ya ule unaotumika sasa na uliotangulia. Mikataba yetu huenda kwa vipindi vya miaka minne: 2013 hadi 2017, 2017 hadi 2021, 2021 hadi 2025. Usianze na jedwali la mishahara. Anza na sehemu za likizo, za masomo ya uzamifu, za mzigo wa kufundisha, na za taratibu za nidhamu. Ndizo zitakazokugusa wiki hii.

Jambo la kujua ni kwamba chini ya kifungu cha 59 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi, mkataba ukishasajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, masharti yake huingia ndani ya mkataba wako binafsi. Barua yako ya ajira haiwezi kukupa pungufu ya CBA. Kabla ya kusajiliwa, hata kama umetiwa sahihi mbele ya kamera, hauwezi kutekelezwa. Kwa hiyo swali la kuuliza mkutanoni si «umetiwa sahihi?» Uliza: «Umesajiliwa lini, na nambari yake ni ipi?»

Hatua ya tano: faili lako

Nunua faili ngumu ya kawaida. Ndani weka barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa, kila barua ya kupandishwa cheo, ratiba yako ya kila muhula yenye sahihi ya mkuu wa idara, uthibitisho wa kuwasilisha alama, maombi ya likizo na majibu yake, Fomu S yenye muhuri. Liweke nyumbani. Mwenzetu mmoja aliyesimamishwa kazi alizuiwa kuingia ofisini siku hiyo hiyo, na karatasi zote za kumtetea zilikuwa kwenye droo yake iliyofungwa. Barua pepe za chuo nazo hufungwa, basi zile muhimu jitumie kwenye anwani yako binafsi mapema.

Jifunze pia kuyageuza maneno kuwa maandishi. Mkuu wa idara akikuambia kwenye korido kwamba muhula huu utafundisha kozi sita, mwandikie jioni hiyo: «Kufuatia mazungumzo yetu ya leo asubuhi, nimeelewa kwamba nitafundisha kozi sita. Naomba unithibitishie.» Ni sentensi mbili zenye adabu, na sijaona mtu aliyezijutia.

Hatua ya sita: ukipata barua ya kujieleza

Usijibu usiku huo. Tazama kwanza tarehe iliyo kwenye barua, kisha tarehe uliyoipokea, na uandike ya pili kwa kalamu juu ya barua yenyewe pamoja na saa. Mwalimu mmoja wa kike wa tawi letu aliletewa Jumatatu mchana barua iliyoandikwa Jumanne ya wiki iliyotangulia, ikimpa siku saba za kujibu. Siku sita zilikuwa zimekwisha kuliwa barabarani. Kwa bahati nzuri alikuwa amemwomba tarishi atie sahihi kwenye daftari lake dogo jeusi, na daftari lile ndilo lililomwongezea muda.

Mpelekee mwakilishi wa chama barua hiyo siku hiyo hiyo, hata kama unaona aibu. Wengi huona aibu, hasa mashtaka yakihusu alama au wanafunzi. Mwambie ukweli wote, na lile baya zaidi ulitangulize. Akilisikia kwa mara ya kwanza ndani ya kikao, hatakuwa na la kusema.

Jibu lako liwe fupi. Jibu kilichoulizwa kwa mpangilio wa tarehe, ambatisha ushahidi, na usiingize malalamiko yako ya miaka mitano kuhusu mkuu wa kitivo. Hayo yana mahali pake.

Ukiitwa mbele ya kamati, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakupa mambo mawili ya kushikilia. Mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua wewe, naye asikilizwe. Nimekaa kwenye vikao hivyo mara nyingi. Chumba huwa na meza ndefu, watu saba au wanane upande mmoja, na kiti kimoja upande wa pili. Jambo la kwanza nililolifanya kila mara ni kuomba kiti cha pili na kukiweka kando ya mwanachama, bega kwa bega. Nimeona mikono ikiacha kutetemeka kwa hilo tu.

Ndani ya kikao omba mashtaka yasomwe, omba kuona kila karatasi wanayoitegemea, na andika nani alikuwepo. Ukihitaji muda wa kusoma karatasi mpya, uombe, na ombi lako liingizwe kwenye kumbukumbu. Baada ya kikao omba kumbukumbu hizo kwa maandishi.

Ikiwa utafutwa kazi, usikae ukisubiri huruma. Mgogoro wa kufutwa kazi unapaswa kuripotiwa kwa Waziri wa Leba ndani ya siku 90. Rufaa ya ndani ya chuo iende sambamba. Isije ikazila siku zako zote.

Hatua ya saba: elewa mazungumzo ya mshahara yanavyokwenda

Sina nia ya kukuchosha hapa, lakini asiyeijua njia hii hudanganywa na pande zote. Chama hakizungumzi na naibu wa chansela wako peke yake. Mabaraza ya vyuo vya umma hukaa pamoja kwenye jukwaa liitwalo IPUCCF, na ndilo linalokabiliana na UASU. Tume ya Mishahara, SRC, hutoa ushauri kuhusu kiwango. Hazina ya Taifa ndiyo yenye pesa, na Bunge ndilo linalozipitisha. Kwa hiyo unaweza kuwa na mkataba uliotiwa sahihi na mabaraza ambao hauna senti moja kwenye bajeti.

Tazama ulivyokwenda mkataba wa 2013 hadi 2017. Ulitiwa sahihi Machi 2017, baada ya mgomo wa siku 54, muda wake ukiwa unaelekea ukingoni. Kabla ya mwaka huo kwisha wahadhiri walikuwa nje tena wakidai utekelezaji. Mwaka wa 2024 tuliona jambo hilo hilo: makubaliano Septemba, mgomo mwingine kabla ya Oktoba kwisha. Na ule wa Septemba 2025, uliodumu wiki saba, ulidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Ulimalizika mwanzoni mwa Novemba kwa makubaliano ya kuzilipa kwa awamu mbili.

Kazi yako wewe mwanachama wa kawaida katika haya yote ni ipi? Kutoa data. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinamtaka mwajiri akipe chama taarifa muhimu za mazungumzo, lakini taarifa za mwajiri zinahitaji za kupimwa nazo. Katibu akiomba idadi ya kozi mnazofundisha, ukubwa wa madarasa, wangapi wamestaafu bila nafasi zao kujazwa, mjibu siku hiyo. Niliwahi kutuma dodoso kwa wanachama zaidi ya 300 nikapata majibu 19. Nilikwenda kwenye mazungumzo na majibu hayo 19, na nikaaibika kwa niaba yetu sote.

Hatua ya nane: mgomo

Mgomo unaolindwa na sheria una ngazi zake. Mgogoro huripotiwa kwa Waziri, ambaye huteua mpatanishi ndani ya siku 21. Mpatanishi ana siku 30, isipokuwa pande zote zikubali kuongeza. Akishindwa, chama hutoa ilani ya maandishi ya siku saba kwa mwajiri na kwa Waziri. Ruka ngazi moja na mwajiri atakimbilia mahakamani asubuhi.

Kabla ya kutoka, hakikisha umeiona ilani yenyewe, yenye sahihi ya afisa wa chama aliyeidhinishwa na tarehe ya kuanza. Ujumbe uliosambazwa na mtu usiyemjua kwenye WhatsApp hautoshi. Mahakama ikisimamisha mgomo, sikiliza maagizo ya chama na ya wakili wake, wala usijifanye shujaa peke yako: anayeshiriki mgomo usiolindwa anaweza kuchukuliwa hatua ya nidhamu, naye huchukuliwa akiwa mmoja mmoja.

Sasa la pesa, ambalo viongozi wengi huliepuka wakiwa jukwaani. Kifungu cha 79 cha sheria hiyo hiyo ya Mahusiano ya Kazi kinasema mwajiri halazimiki kumlipa mtu kwa kazi ambayo hakuifanya wakati wa mgomo, hata uliolindwa. Unaweza kulala mwezi mzima, hata miwili, bila mshahara. Ukijua mkataba uko karibu kukwama, anza kuweka akiba miezi sita kabla. Zungumza na SACCO mapema kuhusu mkopo wako. Mwambie mwenzi wako nyumbani, na umwambie kabla ya ilani. Nimeona migomo ikivunjika jikoni kabla haijavunjika mahakamani.

Wakati wa mgomo, hudhuria mikutano ya tawi na utie sahihi daftari la mahudhurio la chama. Usifundishe kwa siri mtandaoni. Wanafunzi wako waeleze mapema, kabla ya kutoka, kwa lugha ya heshima: mnadai nini, tangu lini, na mtafidia vipi vipindi. Wao ndio wanaolipa kodi ya chumba mjini huku hawasomi, na wana haki ya kusikia kutoka kwako.

Mgomo ukiisha, usirudi kwa sababu redio imesema. Subiri makubaliano ya kurejea kazini, uyasome. Tafuta sentensi mbili: ile inayosema hakuna atakayeadhibiwa kwa kushiriki, na ile inayosema mshahara wa siku za mgomo utalipwa au la. Kama hazimo, uliza kwa sauti kabla sahihi hazijawekwa.

Hatua ya tisa: kokotoa malimbikizo yako mwenyewe

Pesa za nyuma zinapolipwa, huja kwa mkupuo mmoja na jina lisiloeleweka kwenye stakabadhi. Fanya hesabu yako kabla. Tuseme, kwa mfano tu, mshahara wako wa msingi ni shilingi 120,000 na mkataba unakupa nyongeza ya asilimia 7 kuanzia Julai. Nyongeza ni 8,400 kwa mwezi. Ikiwa imelipwa baada ya miezi 12, unadai 100,800 kabla ya kodi. Kama ulipandishwa daraja katikati, gawa miezi hiyo: ya kabla kwa mshahara wa zamani, ya baada kwa mpya. Angalia kama mchango wa pensheni umekokotolewa juu ya malimbikizo hayo, maana huo husahaulika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Wastaafu, na familia za wenzetu waliofariki, wanadai pia. Kama unamjua mjane wa mwenzako wa idara, mpigie simu umwambie alete barua ya ajira na cheti cha kifo kwa katibu. Hakuna ofisi itakayomtafuta.

Kwa anayefundisha kwa muda

Kwako wewe unayelipwa kwa kila kozi, hali ni ngumu zaidi, na sitakuambia vinginevyo. CBA inazungumzia walioajiriwa, na jina lako haliko kwenye jedwali la mishahara. Lakini ulinzi wako wa kwanza ni ule ule wa karatasi. Usiingie darasani bila barua ya uteuzi inayotaja kozi, idadi ya saa, na kiwango cha malipo kwa saa. Weka daftari la vipindi likiwa na sahihi ya kiongozi wa darasa. Unapowasilisha alama, pata sahihi ya mpokeaji. Wasilisha fomu ya madai siku ile ile na uhifadhi nakala yenye muhuri. Kisha nendeni kwa katibu wa tawi mkiwa kikundi, mkiwa na orodha moja ya majina, kozi, mihula na kiasi mnachodai. Mikono ya katibu haifungwi na sheria kuwasemea, na tawi lenye busara huwaona kuwa wahadhiri wa kesho.

Aliye katika chuo cha binafsi aanze na hesabu: chama hutambuliwa na mwajiri, chini ya kifungu cha 54 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi, kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Kusanyeni Fomu S kimya kimya hadi mvuke nusu, ndipo barua ya kudai utambuzi iandikwe.

Na hatimaye, ukumbi wa kupigia kura

Viongozi wa matawi huchaguliwa kwa kura ya siri kila baada ya miaka mitano. Kagua jina lako kwenye orodha ya wapiga kura wiki mbili kabla, kwa sababu orodha hiyo hutokana na makato ya mishahara, na tumeshaona makato yanavyopotea. Wagombea waulize taarifa ya fedha ya tawi: ilisomwa lini mara ya mwisho, na nani aliikagua. Anayekasirishwa na swali hilo asipate kura yako.

Muhula wangu ulipokwisha nilimkabidhi katibu mpya funguo, mihuri miwili, na makasha manne ya faili. La juu kabisa lilikuwa la Fomu S, zimepangwa kwa kitivo na mwaka, kila moja ina tarehe ya kupokelewa. Alilifungua palepale, akatafuta jina lake, akaliona, akaketi.